Fundi Aliyelipandisha Kadutu Gari la Baba

Fundi aliyeweka injini ya teksi ndani ya gari la marehemu baba yangu amefariki. Habari ilinifikia asubuhi moja kwa simu ya mke wake, ambaye hakulia. Akiniita Papa, kama wazee tunavyoitwa kwetu, alisema tu, "Papa, rafiki yako ameenda," akanitajia siku ya mazishi, akakata. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu na kiatu kimoja mguuni. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi si mwepesi wa kusifu. Nimewahi kulaumiwa hata na padri kwa hilo. Leo niruhusu nisifu bila breki, maana katika miaka yangu yote hapa Bukavu sijaona mikono kama ile, na sidhani kama nitaiona tena.

Gari lenyewe ni la Kiitaliano, jekundu, la viti viwili, na liko chini kiasi kwamba abiria huona magoti ya wapita njia. Baba, aliyekuwa karani katika shamba la chai, alilinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, na ndilo lililombeba mama siku ya harusi. Sisi watoto tulikua tukisimuliwa jinsi lilivyoruka kutoka kanisa kuu hadi nyumbani Kadutu, bila hata kupunguza mwendo mlimani. Baadaye injini ilipasuka, gari likafunikwa turubai. Baba alipotutoka, nikaapa kwamba halitawashwa tena ila kwa injini ya aina yake ileile. Nikaandika barua Ulaya, nikangoja miaka na miaka. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yakififia, na daktari alishatuambia kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Mama aliomba jambo moja tu: "Mi nataka nipande tena ndani ya ile gari, nione njia ya Kadutu mbele macho haijafunga." Nikamwambia asubiri, injini inakuja. Naona haya kuliandika jibu hilo.

Fundi alikuja kwetu kutengeneza jenereta. Akaliona turubai, akalifunua bila kuomba ruhusa, akalizunguka gari mara mbili huku mikono iko mgongoni. Nilipomweleza habari za barua zangu, akaniuliza, "Papa, muko nachunga gari, ao muko nachunga jina yake?" Alipendekeza injini ya teksi ya Kijapani, ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi kwa wauza nyanya. Nikamjibu kwamba huko ni kumvika askofu kaputula. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaacha kucheka, akasema polepole, "Na mama atakuwa anaona mpaka wakati gani?" Kesho yake gari likavutwa kwa kamba hadi gereji yake kule Panzi.

Nilikwenda huko kila juma, mwanzoni ili kulinda mali yangu, baadaye kwa sababu nilishindwa kukaa mbali. Injini ya Kijapani ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko nafasi iliyokuwapo chini ya kapo, yaani boneti. Fundi mwingine angekata kapo atoboe tundu. Yeye alikata bakuli la oili la injini mpya, akalichomelea upya likiwa fupi, ndipo injini ikashuka ikakaa. Vishikizo vyake alivitengeneza kwa chuma cha springi za lori lililokufa, baada ya kuvichora kwanza kwenye boksi la sabuni. Katika mwili wa gari hakutoboa tundu hata moja jipya. Kila kitu kilifungwa palepale Waitaliano walipofunga boliti zao. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. "Siku moja mutoto wako anaweza kutaka kurudisha ya zamani," alisema. "Tusimufungie mulango." Na ile ya zamani aliiosha, akaipaka oili, akaifunga kwa blanketi. Nilisimama pale nikaona niko mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi. Mtu huyu hakuwa na michoro wala karakana ya kisasa, na umeme ulimkimbia katikati ya kuchomelea, lakini alikuwa na adabu kwa kazi ya watu asiowajua, na kwa watu ambao bado hawajazaliwa. Katika mji wetu wengi huacha kitu kioze kwa kuwa ni cha heshima, au hukivunja wauze vipande. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mwenyeji aliyemfungia mgeni nje, nikaita ukaidi wangu heshima.

Jumapili moja baada ya misa nikamketisha mama kando yangu, tukaanza kupanda Kadutu. Gari lilipanda kwa sauti ya teksi, bila kusita. Mama alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, akitazama milango, kuta, watu. Tulipofika juu akanigusa mkono. "Leo sikushuka," alisema. Sikuelewa. "Siku ya harusi, baba yako alisimama pale chini. Moteri ilishindwa. Nilivua viatu, nikasukuma na robe yangu nyeupe ya ndoa, mimi na dada yangu mwenye alitukuta pale." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo. "Ilikuwa inamufurahisha kuwaelezea ile hadithi yake."

Nilimpelekea fundi kisa hicho kwa hasira, nikamwambia ile injini ya zamani aiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Alikataa. "Hapana, Papa. Ilifanya yenye iliweza. Muiweke nyumbani." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba unaweza kukiheshimu cha kale pasipo kuwasimamisha walio hai njiani. Somo hilo nililipata uzeeni, kwa mtu mwenye grisi hadi kwenye viwiko.

Sasa mama haoni ila mwanga. Jumamosi, siku ya mazishi, nilikaa karibu naye nikaanza kumweleza kwa kirefu alivyokuwa fundi yule, vishikizo, bakuli la oili, matundu ambayo hakutoboa. Alinisikiliza kidogo, huku akitafuta viatu vyake kwa mguu.

"Nilisikia kazi yake siku ile tulipanda," akasema. "Tunaondoka saa ngapi?"