Deni Langu Kununuliwa na Wafaransa

Siku barua ilipoingia tulikuwa wanne kwenye fleti yetu ya Tottenham: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na jirani yetu nesi, Mkenya, aliyeleta sare yake ipunguzwe urefu. Mdogo wa kwanza alikuwa kwenye cherehani. Wa pili, aliyekuwa akisoma chuo, ndiye aliyeisoma, maana mimi shule niliiacha darasa la sita, wazee wetu walipofariki Unguja miaka michache baada ya mapinduzi.

"Kaka, wanasema deni la cherehani limenunuliwa na kampuni ya Ufaransa."

"Limenunuliwa? Deni?"

"Wamekuuza, kaka," nesi akacheka. "Anza kujifunza Kifaransa."

Sikucheka. Wazee waliacha madeni, na niliyalipa mimi, mlango kwa mlango. Kila nilipomaliza, mdai alinishika mkono akasema amemsamehe marehemu, tumeachana kwa radhi. Sikujua njia nyingine ya kumaliza deni. Cherehani ile niliikopa Ilford kwa Muhindi mwenye duka, mzaliwa wa Mombasa, na tulipeana mikono. Nilitaka kujua nimemkosea nini.

Asubuhi yake nikapanda basi. Nilimkuta akipanga pasi za umeme dirishani.

"Bwana, kama nilichelewa ungeniambia. Mbona umeniuza?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Mimi sikudai kitu, ndugu yangu. Nililipwa pesa zote wiki ile ile uliyobeba mashine. Karatasi uliyotia saini ni ya kampuni ya mikopo, ndiyo iliyonilipa. Sasa Wafaransa wameinunua hiyo kampuni."

Nikakumbuka. Miezi niliyochelewa kupeleka pesa posta, nikidhani zinamfikia yeye, nikifika Ilford nilikuwa napita upande wa pili wa barabara ili asinione. Nikamwambia.

"Kumbe! Mke wangu akasema, yule Mzanzibari kanuna, bila shaka umempa mashine mbovu."

Akanivutia kiti, akanieleza. Baada ya vita vya pili vya dunia, nyumba nyingi za Ufaransa hazikuwa na kitu ndani. Wale jamaa walianza kwa kukopesha majiko na friji, watu wakilipa mwezi kwa mwezi. Waliopata friji wakataka magari, wakakopeshwa magari. Faida ikanunua kampuni ndogo, kisha kubwa kidogo, kisha mabenki, mpaka wakavuka bahari wakafika hapa.

"Hawauzi hata sindano," akasema, "na duka hili zima halijazi droo yao moja."

"Basi nikimaliza nimshike nani mkono?"

"Nishike mimi."

"Wewe hunidai."

Akarudi kwenye pasi zake.

Jioni nilimtajia mdogo wangu wa chuo maneno ya barua kwa Wafaransa, akayaandika kwa Kiingereza: naomba jina la mtu ninayedaiwa naye, ili nikifa kabla sijamaliza, ndugu zangu wajue wa kumwomba radhi. Alitaka kuifuta sentensi hiyo. Nikamkatalia.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Lilichapwa kwa mashine, jina langu limekosewa, na pale pa saini hapakuwa na mkono wa mtu. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao. Chini walinikumbusha kwamba yamebaki malipo kumi na tisa.