Uma wa Plasta

Mtaani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Pimamaji, kwa sababu miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa plasta na vigae, na pimamaji yake, ile rula nene yenye kidirisha cha maji na povu ndani, haikutoka mfukoni mwake hata siku ya mapumziko. Akikaribishwa chai kwa watu, kabla hajaketi alikuwa ameshaitua juu ya meza yao kuona imelalia upande gani. Wenyeji wengine walinuna. Wengine walimpa kazi hapo hapo, na ndiyo maana hakuacha.

Halafu goti la kulia likagoma. Fundi wa vigae hufanya kazi kwa magoti. Mikono ni wasaidizi tu. Daktari alimwambia achague, goti au sakafu, naye akachagua goti kwa shingo upande, akarudi nyumbani kukaa. Kukaa hakukuweza. Wiki ya kwanza alipima meza zote, kabati, kitanda na fremu za picha ukutani. Wiki ya pili alianza kuzirekebisha.

Mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, ndiye aliyekuja na habari ya kiti. Alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya umeme, na ghala lilitaka mlinzi wa mchana.

"Ni kukaa tu, Baba," alisema. "Unafungua geti, unafunga geti. Kiti chenyewe kina mto."

"Kina mto?"

"Na mahali pa kuegemea."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Si nimekwambia, Baba. Utakaa."

Kiti hakikuwa na ubaya wowote. Kilichomchoma Pimamaji ni kwamba kilikuja bila mvutano. Maisha yake yote hakuwahi kupata kazi bila kuvutana na mwenye kazi mpaka mmoja wao ainuke kama anaondoka. Mtu anayekupa kazi bila kuuliza unaweza nini ameshakuhesabu kuwa huwezi kitu.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema.

"Jumamosi saa tatu, Baba. Zaidi ya hapo wanaweka mtu mwingine."

Mkewe, ambaye alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja na hakuwa na subira na watu wanaozurura ndani ya nyumba, alikubaliana na mkwe moja kwa moja. "Kama mpaka Jumamosi huna kazi ya mikono yako, Baba Watoto, kakae getini. Sitaki kurudi kila jioni nikute umenihamishia kabati sentimita mbili."

Kazi ya mikono yake ilikuwepo, lakini alikuwa bado hajamwambia mtu. Miaka miwili nyuma, akiweka vigae jikoni kwa mama mmoja mwalimu, aliletewa chai na kipande cha kitu cha kuoka ambacho hakukijua. Chini kilikuwa na oti, ile nafaka ya uji, zilizoshikana kwa siagi na sukari ya kahawia, katikati chokoleti laini nene kama kidole, juu oti tena, zimevurugika kama kokoto. Alikula kimoja. Akaomba cha pili. Alipokula cha tatu, akaweka mwiko wake chini akasema, "Mwalimu, hiki kinatengenezwaje?"

"Hiyo ni siri ya nyumba hii, fundi."

"Na ile safu ya vigae nyuma ya sinki, ambayo haikuwa kwenye mapatano yetu?"

Wakapatana. Akaondoka na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwalimu, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka pamoja na stakabadhi za vifaa. Tangu goti ligome alikuwa ameioka mara nne, mkewe akiwa kazini, na mara zote alikula ushahidi wote kabla hajarudi.

Soko alilijua pia. Katikati ya mji kulikuwa na jengo la ofisi la ghorofa nne, na chini yake kantini ndogo ya mwanamke mmoja waliyemwita Kamanda, kwa jinsi alivyopanga foleni ya watu. Saa nne asubuhi makarani wote walishuka, wakanunua chai na kitu cha kutafuna, wakapanda navyo juu. Lifti ya jengo lile ilikuwa na tangazo la "Samahani" ambalo karatasi yake ilishageuka njano. Pimamaji aliwahi kuweka vigae kwenye ngazi zile, na aliona kwa macho yake jinsi makarani walivyokuwa wakipanda na vitafunio vikavu vya kusikitisha.

Jumatatu alimpelekea Kamanda trei nzima. Kamanda alionja, akafumba macho, akavipanga vipande kwenye kabati la kioo. Saa nne wakanunua. Saa nne na robo wakaanza kurudi.

"Mama, mimi nimenunua kimoja nimepewa viwili," alisema karani mmoja, ameshika tabaka la chini mkono wa kushoto na la juu mkono wa kulia. Chokoleti ilikuwa kwenye tai yake.

Kamanda alimwita Pimamaji pembeni. "Mzee wangu, utamu upo. Lakini umeniletea vitabu vilivyobanduka jalada. Watu wangu wanapanda ngazi. Kitu kisichofika ghorofa ya nne hakikai kwenye kabati langu."

"Nipe siku."

"Ijumaa. Trei moja. Nitatia vipande kwenye mfuko wa karatasi nipande navyo mimi mwenyewe mpaka juu na kurudi. Vikishuka vizima tutazungumza. Vikishuka vipande vipande, usinipotezee muda tena."

Pimamaji alirudi nyumbani akiwa na siku nne na kichwa kilichojaa plasta. Ukuta unaobanduka, alijua, ni wa fundi aliyekuwa na haraka. Kwa hiyo Jumanne hakufanya haraka. Akachanganya oti, unga, sukari na siagi iliyoyeyushwa, akalishindilia tabaka la chini kwa mwiko mpya wa chuma alioununua kwa kazi hii na ambao haukuwahi kuona saruji. Alilishindilia kama msingi wa nyumba. Karatasi ya mwalimu ilisema: oka dakika kumi, kisha mimina chokoleti papo hapo. Hilo la papo hapo alilipuuza. Fundi gani anapaka juu ya kitu ambacho hakijakauka? Akaliacha lipoe mpaka jioni. Akalipitisha mwiko mara ya mwisho, polepole, mpaka likang'aa. Akaweka pimamaji juu yake. Povu likasimama katikati, naye akasimama akilitazama kwa raha. Ndipo akayeyusha chokoleti pamoja na maziwa mazito ya kopo, akamimina, akatawanya oti za juu, akaoka.

Asubuhi alikata kipande, akakitikisa. Kikabanduka. Na tabaka la chini lilikuwa gumu kiasi kwamba alipoliangusha mezani lililia kama kigae.

Jumatano aliongeza chokoleti, kwa hesabu kwamba gundi ikizidi, kushikana kutazidi. Tabaka la juu likateleza lote upande mmoja, mithili ya kofia ya mlevi. Jirani aliyeonjeshwa alikula chote na kusifu, lakini jirani hakuwa na ngazi.

Alhamisi mchana mkewe alirudi mapema. Hoteli ilikuwa na wageni wachache. Aliukuta mlango wa jikoni wazi, meza imejaa trei, na mumewe amevaa ovaroli yake ya kazi, unga mpaka kwenye nyusi.

"Hii ndiyo kazi ya mikono yako?"

"Ndiyo hii."

Hakucheka, na hilo Pimamaji alilishukuru kimoyomoyo. Aliweka mkoba chini, akachukua kipande kilichobanduka, akala nusu ya juu. Akatafuna. Akala nyingine. "Hii unaniambia ulikuwa unaoka ukila peke yako?"

"Nilikuwa kwenye majaribio."

"Majaribio." Alichukua lile tabaka la chini, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu yake kama anavyokagua kola ya shati. "Mbona laini hivi? Umelipiga msasa?"

"Nimelilainisha. Ni chakula, Mama Watoto, lazima kipendeze."

"Kimpendeze nani, na limefunikwa na chokoleti?"

Pimamaji akajifuta unga kwenye nyusi.

Mkewe akakaa. Alikuwa na sura ile ya mtu aliyeshika karata nzuri na hana haraka ya kuitupa. "Mwaka ule ulipopiga plasta bafu letu. Nilitoka kazini nikakuta ukuta mbichi umekwaruzwa mistari mistari kutoka juu mpaka chini, kama paka ameingia na wazimu. Tena umekwaruzwa kwa uma wangu. Wa seti. Nikagomba mpaka majirani wakasikia. Ukaniambia nini?"

Pimamaji alilitazama lile tabaka mkononi mwa mkewe.

"Sema, fundi. Uliniambia nini?"

"Nilikwambia..." alisema taratibu, "nilikwambia plasta ya pili haishiki kwenye ukuta laini. Lazima ya kwanza ikwaruzwe ikiwa bado ina unyevu."

"Ehee."

"Ikiwa bado ina unyevu," alirudia, akaichukua karatasi ya mwalimu, akaitazama pale palipoandikwa papo hapo. Miaka thelathini na moja amekuwa akiwafokea wanagenzi kwa kosa hili hili. Aliwahi kumfukuza mmoja. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima, mpaka akashika ukingo wa meza. Mkewe akacheka pia, ingawa yeye alikuwa akicheka ushindi.

"Na uma wangu uko wapi?" aliuliza walipotulia. "Tangu siku ile sijauona."

Ulikuwa kwenye mfuko wa vifaa, chini ya patasi, jino moja limepinda. Ulioshwa kwa maji ya moto mara tatu, mkewe akisimamia. Kisha wakaoka. Tabaka la chini alilibonyeza kwa kiganja tu, likalala bila kukamatana kama zege. Lilipotoka kwenye oveni likiwa bado linapumua mvuke, alilikwaruza kwa uma huku na huku, mistari ikikatizana. Lilikuwa baya kutazama. Chokoleti ikamwagwa juu papo hapo, ikaingia kwenye ile mistari, oti za juu zikafuata, trei ikarudi motoni. Wakaliacha lipoe kabisa kabla ya kukata, na mkewe ndiye aliyekataza lisiguswe, kwa kumpiga mumewe kofi la mkononi mara mbili.

Ijumaa saa tatu na nusu Kamanda alichagua vipande sita mwenyewe, akavitia kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo, akaanza kupanda. Hakuubeba kwa adabu. Alikuwa akiupunga kama karani aliyechelewa. Pimamaji alibaki chini, mkono kwenye reli, akihesabu viatu vyake: ghorofa ya kwanza, ya pili, kimya kidogo cha kupumua, ya tatu. Vigae vile aliviweka yeye na alijua mlio wa kila kidato. Ya nne. Kisha vikaanza kushuka, na vilikuwa vikishuka kwa kishindo.

Kamanda alifika akihema, akaumimina mfuko juu ya kaunta.

Vipande sita. Vizima vyote sita, ila kimoja kilikuwa kimemeguka kona.

"Hiki kimevunjika," alisema Kamanda.

"Hicho kimemeguka. Kuvunjika ni kitu kingine, ulikiona Jumatatu."

"Mzee, una maneno."

"Nina trei pia."

Akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, na hapo Pimamaji alijua kwamba ameshapata kazi; kilichobaki kilikuwa masharti. Wakaanza. Kamanda alitaka trei mbili kila asubuhi, na chochote kitakachovunjika kiwe juu ya mwokaji. Pimamaji akasema kikivunjika kabla ya ngazi ni chake, kikivunjika ngazini ni cha mwenye ngazi. Kamanda akasema basi vitakaa rafu ya chini. Pimamaji akainuka kama anaondoka.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Rafu ya chini inaonwa na viatu tu."

"Kaa. Ya kati."

"Ya kati, upande wa kulipia. Na mimi nakutengenezea hilo kabati bure."

"Kabati langu lina nini?"

Akatoa pimamaji mfukoni, akaitua juu ya rafu ya kioo. Povu likakimbilia kushoto likajificha. Kamanda aliinama, akatazama, akanyoosha mgongo. "Ndiyo maana sahani zangu huwa zinasogea zenyewe! Nilidhani ni yule msichana wa usafi."

Wakapeana mikono.

Jumamosi saa tatu kamili mkwe aligonga, na sare ya kaki imekunjwa kwenye mfuko. Alimkuta baba mkwe wake jikoni na uma mkononi, amevaa ovaroli, anakwaruza kitu kwenye trei kwa uso wa mtu anayetengeneza bafu la mkubwa.

"Baba, nimekuja na sare. Tumalize lile jambo."

"Kaa kwanza. Kula."

Mkwe akala. Alipomaliza alilamba kidole gumba, akajikumbusha yuko ukweni, akakificha.

"Kiti mtafutie mtu mwingine," alisema Pimamaji. "Mimi nina kazi. Muulize mama yako."

"Anayo," alisema mkewe kutoka sebuleni. "Na uma wangu kauchukua tena."

"Basi, Baba, mimi nimefurahi," alisema mkwe, na alikuwa amefurahi kweli, ingawa macho yake yalikuwa kwenye trei. "Nitawaambia waweke mtu mwingine."

"Waambie." Pimamaji alimsogezea kipande cha pili, lakini hakukiachia mara moja. "Hebu nieleze kitu. Huko ghalani, wapakiaji wako saa nne wanakula nini?"