Nilivyowapoteza Wakwe Chini ya Kundelungu

Aibu hii huwa siisimulii, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa mtaa wetu wa Hewa Bora wanaijua tayari (na nusu nyingine wanaijua vibaya, eti nilichukuliwa na mto), ni afadhali niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimefundisha miaka mingi kwenye shule moja ya sekondari kwenye komini iitwayo Kenya, humu humu Lubumbashi, na kila mwaka tukifika kwenye somo la mito ya Katanga nafundisha maporomoko ya Lofoi, kwamba mto unatoka juu kwenye uwanda wa Kundelungu, unafika ukingoni na kujitupa chini kwa mruko mmoja tu, kwamba ni pori linalolindwa, kwamba kishindo chake kinasikika toka mbali. Nayachora ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu. Ambalo sikuwahi kumwambia mtu ni kwamba sijawahi kufika. Barabara ni mbaya, gari sina, na isitoshe hakuna mwanafunzi aliyeniuliza.

Aliyeniuliza ni Mzee Kalunga. Binti yangu Béa alikuwa amepata mchumba, Patrick, kijana fundi umeme anayefanya kazi Kipushi, na ndugu za kijana wakaja nyumbani kujitambulisha. Baba yake Patrick alishafariki, kwa hiyo msemaji wao alikuwa mjomba wake, ndiye huyo Mzee Kalunga, mtu mpole, anayemaliza sentensi moja akapumzika kabla ya kuanza nyingine. Alikuja na mama yake mzazi, bibi yake Patrick, ambaye wote walimwita Nkambo. Mzee ndiye aliyesema, lakini kila alipomaliza jambo alimtazama kwanza yule mama, na mimi nikaelewa kwamba bila neno la Nkambo hakuna ndoa.

Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki, mambo yakaenda vizuri. Mke wangu akawaambia (kwa fahari, simlaumu) kwamba mimi ni profesa wa jiografia, hakuna mlima wala mto wa nchi hii nisioujua. Ndipo Mzee Kalunga akasema wao asili yao ni chini ya Kundelungu, karibu na maporomoko, akanigeukia.

"Mukwe, kule kwetu mulishafika?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni, namna ile unavyokuwa na tonge. Nikalimeza nikasema, "Mara tatu."

Mpaka leo najiuliza kwa nini tatu, wakati moja ingetosha kabisa. Mke wangu alinifuata jikoni nilipokwenda kuchukua maji, akauliza polepole, "Baba Béa, uliendaka lini?" Nikamwambia zamani, kabla hatujaoana. Sasa nikawa na uongo wa pili.

Niliporudi sebuleni nikakuta Mzee Kalunga amefurahi kuliko nilivyotaka. Akasema basi, kabla ya kuzungumza mambo ya mahari, ingekuwa vizuri familia mbili ziende pamoja kusalimia wakubwa wao kule, na kwa kuwa mkwe anapajua, mkwe ndiye atakayetangulia na kuwaelezea vijana, maana wao wazee wanajua lakini hawajui kuelezea kama mtu wa shule. Ruhusa ya walinzi wa pori angeiomba yeye. Nikakubali. Ningefanya nini?

Tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, jeep mbili, tukatoka Lubumbashi alfajiri, na mimi nilivaa suti na viatu vilivyong'aa kwa sababu nilikuwa nakwenda na wakwe, sikufikiria kwamba nilikuwa nakwenda porini (mwalimu wa jiografia huyo). Njia nzima nilikariri somo langu kimoyomoyo. Pale magari yalipokomea tukapokelewa na mlinzi mmoja mwenye kofia ya kijani, aliyemsalimia Mzee Kalunga kama mtu wa nyumbani, tukaanza kutembea kwa miguu, mimi mbele, nyuma yangu Béa na Patrick, kisha mke wangu, Mzee na mlinzi, na Nkambo na fimbo yake, mama wa miaka themanini hivi ambaye hakuomba kushikwa mkono hata mara moja.

Tukafika mahali palipo wazi, tambarare, penye mawe mapana yaliyolala chini. Nikaona ni mahali pazuri pa kuanza kuelezea. Nikasimama juu ya jiwe moja, nikawaambia vijana kwamba milima hii ni ya zamani sana, kwamba mto unakula mwamba kidogo kidogo na ndiyo maana kuna korongo. Mpaka hapo sikukosea. Ningekomea hapo ningekuwa salama, lakini watu walikuwa wanasikiliza vizuri, nikaongeza yaliyo kwenye daftari langu, kwamba hili ni pori tupu, asili haijaguswa, hapa hapajawahi kukaa watu.

Nkambo alikuwa ameinama anaokota kitu. Akanyooka, akakifumbata kiganjani, akanitazama. Mzee Kalunga akakohoa. Mimi nikadhani wamechoka, nikasema twende.

Mbele kidogo korongo likafunguka upande wa kulia, na kwa mbali tukaona ukuta mrefu wa mwamba wenye doa jeusi la unyevu, na juu ya lile doa kitu kama uzi mweupe, ambao ulishuka, ukapungua, ukawa moshi kabla ya kufika chini. Kimya kabisa. Béa akauliza kama ndiyo yale. Nikacheka. Nikamwambia hapana binti yangu, Lofoi haiwezi kuwa kimya namna hii, ile ukikaribia unaisikia kifuani, bado mbele kidogo. (Mimi ndiye ninayefundisha kila mwaka kwamba mito yetu hukauka kiangazi. Mimi mwenyewe.) Niligeuka nikaona mlinzi amefungua mdomo na Mzee Kalunga amemgusa mkono, mdomo ukafungwa. Nikaelewa kwamba mlinzi alitaka kupumzika na Mzee amemkatalia.

Basi tukayapita.

Tulitembea tukiambaa chini ya mlima muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nyasi zilikuwa zimeungua, kila hatua masizi yanapanda, suruali yangu ikawa nyeusi mpaka magotini, mke wangu akavua viatu. Kila aliyeuliza nilimwambia mbele kidogo. Hakuna mkwe aliyenibishia, na ule utulivu wao ndio ulionipa nguvu, nikajua kama ningekuwa nimekosea wangesema. Halafu nikasikia maji. Nikainua mkono, nikasema mnasikia, nikakimbia, naapa nilikimbia, nikapenya matete, na mguu wa kwanza ukaingia kwenye tope hadi juu ya goti, wa pili ukaufuata, nikakaa. Mbele yangu kijito kilikuwa kinaruka kijiwe. Urefu wake ulikuwa kama wa stuli ya jikoni.

Wote walifika, wakakitazama kile kijito, kisha wakanitazama mimi. Patrick na mlinzi wakanivuta, kiatu kimoja kikabaki mle ndani. Nkambo akaketi juu ya kichuguu, akaweka fimbo magotini, akasema hatembei tena mpaka aulize jambo.

"Mutoto wangu," akaniambia, "kama pale ku mawe hapakukalaka bantu, miye nilizaliwa wapi?"

Akafungua kiganja, ndani yake kulikuwa na kigae cha chungu, ndicho alichookota pale nilipokuwa nimesimama nikihutubia. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa mama yake.

Hapo ndipo nikasema, mbele ya binti yangu, na kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko ya kile kijito, kwamba sijafika hapa hata siku moja. Mke wangu akatazama pembeni. Béa akajifunika uso kwa kitenge. Mzee Kalunga hakushangaa hata kidogo, ndipo nikajua alikuwa anajua tangu tulipopita lile korongo.

"Mukwe, ile mayi tulishaipita," akasema. "Mu kiangazi haisemaka."

Nikamuuliza kwa nini aliniacha. Akanijibu kwamba kwao mkwe habishiwi mbele ya watoto wake, na kwamba alidhani nitageuka mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko tope. Nikapiga goti lenye tope nikamwomba Nkambo msamaha, si wa uongo tu, wa lile neno la pori tupu, nikamwambia kama ataona mtu kama mimi hafai kuwa mkwe wao, nitaelewa, ila Béa hana kosa. Akaishika fimbo yake, akasimama. Kisha akasema, "Inuka. Sasa miye njo natangulia," na akatangulia kweli, na mimi nikafuata wa mwisho na kiatu kimoja.

Pale kwenye mawe akanionyesha mashimo ya mviringo, laini kama bakuli, ambamo mama yake na wengine walisaga mtama. Akasimulia kwamba wakati wa Wabelgiji watu walihamishwa wakakae kando ya barabara, baadaye pori likawekewa mipaka, na tangu hapo wanakuja kusalimia tu. Akasimulia ya zamani zaidi, aliyoyasikia kwa bibi yake, ya siku ambazo waliokamata watu kuwauza walipita bondeni na kijiji kizima kilijificha ndani ya korongo. Masika ilikuwa rahisi, maji yalifunika kilio cha watoto. Kiangazi, maji yakiwa kimya, kila mama alimweka mtoto titini mchana kutwa, hata asiye na maziwa. Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, akaendelea kutembea.

Tulipofika chini ya ule ukuta, ule moshi wa maji ulitugusa usoni. Mzee alimwaga unga mweupe kuwasalimia wakubwa wao waliofia pale, akataja majina yao, mengi, na nilihesabu kimya kimya kwamba somo langu halikuwa na hata moja.

Ndoa ilifungwa. Nkambo alitoa neno lake wiki mbili baadaye, na siku ya harusi Mzee Kalunga akausimulia mkasa huu wote kwenye kipaza sauti, polepole, akipumzika kila sentensi. Watoto wa mtaa wananiita Prof Mbele-Kidogo. Daftari langu la Lofoi nililiandika upya, na safari hii niliandika nikiwa nimekaa karibu na Nkambo, ananirekebisha.

Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui. Si rahisi kwa mwalimu, watu wanakutazama. Lakini nimegundua kwamba nikishasema hivyo na kunyamaza, aghalabu kuna mtu pembeni, ambaye sikumdhania, anasogeza kiti chake na kuanza kusema.