Maji Baridi ya Jaruba la Chini

Shamba letu la mpunga liko bondeni, karibu na pale mto unapoingia baharini. Hatukuwahi kuhitaji pampu. Bahari ikijaa inausukuma mto urudi nyuma, maji yanapanda mpaka kwenye majaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta. Unafungua tuta, unanywesha, unaziba. Na maji yalikuwa ya mto, hayana chumvi.

Siku hizi si hivyo. Mikoko imekatwa, kwingine wamechimba mabwawa ya chumvi. Huko juu watu wanalima mpaka ukingoni, na misitu imeishia kwenye mkaa. Mafuriko ya mwaka juzi yakashusha mchanga, yakaziba mkondo wetu, yakachimba mwingine ulionyooka kwenda baharini. Sasa leo unapata maji ya mto, kesho ya bahari, na kwa macho huwezi kuyajua. Lazima uonje.

Msimu uliopita magoti yalinilaza ndani, wiki ile ile miche imeanza kushika. Nikamwachia kazi mke wa mwanangu wa mwisho, binti wa Miono, huko bara, si mvivu. Nikamwambia, "Usifungue tuta mpaka upate maji baridi."

Alirudi asubuhi amelowa. "Nimenywesha majaruba yote ya chini, mama. Maji baridi hasa, vidole vimekufa ganzi."

"Umeyaonja?"

"Niyaonje ya nini? Nimetia mkono."

Hapo nikaelewa. Sisi wa pwani tukisema maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, hata yawe yamepata moto juani. Kwao Miono, baridi ni baridi.

Nilimsema, sifichi. Akajibu taratibu, "Mama, kwetu maji ni maji tu. Ya chumvi tumeyakuta kwenu." Mwanangu akacheka. Nikamtazama, akaacha.

Siku ya nne ncha za majani zikawa nyeupe. Tuliyatoa yale maji, tukangoja mvua isafishe udongo, ikanyesha manyunyu, miche ikafa. Mbegu iliyobaki ilitosha jaruba moja la juu, tukapanda hilo.

Kosa lilikuwa langu. Zamani neno lile halikuwa na haja ya kufafanuliwa, maana mto haukuwa na maji ya namna nyingine. Nilimwambia hivyo mkwe wangu, mara moja tu.

Idi tulipika wali wa mchele wa dukani. Mgeni mmoja akausifu unavyochambuka, akidhani ni wa shamba letu. Nikamwambia ale.