Waya wa Chumba cha Mizani

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya mitandao lilikuwa kupanga kwa mkono kitu ambacho kingejipanga chenyewe. Nilijifunza kazi hii peke yangu, kwa video na kwa kuharibu, katika chumba cha kupanga mtaa wa Izia. Mtu anayejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba hapo imetosha. Hadi leo nikifunga mlango narudi kuusukuma.

Nilipata kazi ya kutunza kompyuta za mfanyabiashara wa mahindi hapa Sumbawanga. Waya zote za ofisi ziliishia kwenye swichi, kisanduku cha chuma chenye matundu, kila tundu na kompyuta yake. Swichi na kompyuta lazima zikubaliane namna ya kuzungumza: ama kwa kusema na kusikia kwa pamoja, kama kwenye simu, ama kwa zamu, kama kwenye redio za upepo za askari. Ukiziacha, zinaelewana zenyewe unapochomeka waya. Mimi niliona kuziacha ni uzembe. Niliiandikia amri swichi, tundu moja moja, nikaiandikia na kila kompyuta: simu, simu, simu. Nilikuwa najivunia jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona.

Chumba cha mizani kilikuwa uani, kwenye vumbi. Pale alikaa dada mmoja wa kijiji cha Pito, wa familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, akiingiza majina ya wakulima na uzito wa mizigo yao. Alikuwa na mkataba wa msimu, na bosi alikuwa amemwahidi kwamba akifanya vizuri ataajiriwa kabisa. Katikati ya msimu kompyuta yake ikafa. Nilimpachikia nyingine haraka, foleni ikinitazama, na kompyuta hiyo mpya sikuiandikia chochote. Swichi iliyokwisha kuandikiwa amri haipatani tena na yeyote, na kompyuta isiyojibiwa hujichagulia zamu. Swichi ikawa inazungumza kwa simu, kompyuta yake kwa redio, nayo kila ikingoja zamu yake ilikuwa inakatwa maneno.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haionekani kazi ikiwa ndogo. Asubuhi kompyuta ilikwenda vizuri. Magari yakishafika kutoka vijijini, kila alichotuma kilikwama, kikarudi, kikatumwa tena. Wakulima walisimama kwenye upepo ule wa baridi wa Ufipa na makoti yao, wakimtazama akisubiri.

"Dada, hilo gunia unalipima au unalizaa?" mmoja alimuuliza.

Mpimaji, mtu wa Mbeya ambaye hakuweza kukaa kimya, alimjibia. "Mvumilieni, wazee wangu. Anatafsiri kwanza kutoka Kifipa."

Foleni ilicheka, hata waliozungumza Kifipa nyumbani kwao. Nilikuwepo. Nilicheka pia.

Aliniita pembeni. "Kaka, nikibonyeza kuhifadhi kinazunguka tu. Siyo mimi. Nakuomba uangalie."

Niliangalia. Swichi huhesabu makosa ya data inazopokea katika kila tundu, na hesabu ya tundu lake ilikuwa inapanda huku nikiitazama, wakati mengine yote yalisoma sifuri. Nilibadilisha waya. Nilikata vichwa vya waya na kuvifunga upya. Nilimhamishia tundu jingine, nalo nikaliandikia amri ileile, na makosa yakahamia huko. Nilijua vidole vya mtu haviwezi kupandisha hesabu ile. Lakini pia nilijua kwamba sijui sababu, na bosi akijua kwamba sijui, atatafuta fundi mwenye cheti.

Kwa hiyo nilifuta hesabu. Ni amri fupi tu. Nilingoja mchana, foleni imekwenda kula, nikamwita bosi.

"Ona mwenyewe, bosi. Sifuri. Natuma majaribio, yote yanafika."

"Kwa hiyo mtandao mzima?"

"Mzima."

"Basi ni huyu binti."

Sikusema ndiyo. Nilianza kukunja waya zangu, na alinielewa.

Alimwita mbele ya wapagazi. Akamsomea uzito wa magunia kwa haraka, kama mnadishaji, akimtaka aandike kwa kasi ileile. Alipokosea mara moja tu, mpimaji alipiga makofi. Bosi hakupandisha sauti hata kidogo. Alimwambia wakulima wanahamia kwa wanunuzi wengine kwa sababu ya mikono yake, na kwamba akitoka aache mlango wazi, vumbi litoke. Dada yule alivaa sweta lake, akafunga vifungo vyote kuanzia chini, akaondoka. Aliponipita aliniambia, "Asante, kaka." Alidhani nilijaribu.

Nafasi yake ilichukuliwa na shemeji wa bosi. Siku yake ya kwanza foleni ilikwama vilevile. Hakuna aliyemuuliza kama anazaa. Mpimaji hakuwa na la kusema kuhusu lugha ya mtu yeyote. Bosi alinipigia simu: "Fundi, mtandao wako mbovu. Utengeneze leo."

Nilifungua kompyuta ile na kusoma upande wake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja. Ilikuwa inaongea kwa zamu. Nilifuta amri yangu kwenye swichi, nikaziacha zielewane. Hesabu ikasimama. Shemeji akasifiwa kwamba ana mikono mepesi.

Nilikwenda Pito. Nilimkuta dada yule anapepeta ulezi na mama yake. Nilimwamkia mama shikamoo, nikabaki nimesimama, kisha nikamweleza binti yake yote, pamoja na hesabu niliyoifuta. Hakuacha kupepeta.

"Bosi umemwambia?"

"Bado."

"Sasa huku umekuja kufanya nini?"

Mama aliuliza kwa Kifipa mgeni anataka nini. Binti alimjibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Anataka nimwambie hana neno."

Hakuniambia. Nilirudi mjini, nikaingia kwa bosi, nikamweleza kwamba hitilafu ilikuwa yangu na kwamba nilificha. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi. Nafasi imejaa, siwezi kumtoa shemeji yangu. Na wewe usirudie kusema mambo haya, wakulima watasema mizani yetu ina shida."

Hakunifukuza. Nilikuwa nimemtupa mtu nje kwa kuogopa adhabu ambayo haikuwepo.

Siku hizi nafanya kazi kwingine. Naacha swichi na kompyuta zielewane zenyewe, nasoma pande zote mbili za waya kabla ya kusema kitu, na hesabu ya makosa siifuti mpaka aliyelalamika ameiona kwa macho yake. Nikiwa sijui, nasema sijui. Dada wa Pito hajapata kazi nyingine ya ofisi.