Mguu wa Anatory

Watu wa kijiji cha Mbuba walimjua Anatory Ndayisaba kwa miguu yake. Alikuwa mbeba ndizi wa baiskeli, na hata mlima ambao vijana waliupanda wakisukuma baiskeli kwa mikono, yeye aliupanda akikanyaga pedali huku mikungu ikining'inia pande zote mbili. Kwa hiyo mguu wake wa kushoto ulipovimba ghafla kuanzia paja hadi vidole, ukawa wa moto na kung'aa, hakuna aliyeuchukulia kama ugonjwa wa kawaida.

"Kwa nini mmoja tu?" watu waliulizana. Kisha waligeuza macho kuelekea kwa Bukuru.

Bukuru alikuwa jirani yake. Wiki iliyotangulia walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba, na Bukuru, kwa hasira, alisema mbele ya watu, "Pita tena hapa, utanikumbuka." Yalikuwa maneno ya ugomvi tu, lakini sasa kila mtu aliyarudia kama ushahidi.

Asubuhi iliyofuata Wiston, kaka yake Anatory, alifika na mganga. Mganga aliupapasa mguu, akatikisa kichwa.

"Ametegwa. Tuukande kwanza, kisha nimchanje uchawi utoke."

Akaanza kulikanda shavu la mguu kwa nguvu, kwa maji ya moto yenye majani. Anatory aliuma meno. Mara akashika kifua, macho yakamtoka.

"Siwezi... siwezi kuvuta pumzi."

"Ndio uchawi unatoka," mganga alisema, akazidi kukanda.

"Mwacheni!" Adventina, mkewe, aliisukuma mikono ya mganga. "Shemeji, muangalie huyu mtu! Tangu Pasaka nampunguzia suruali kiunoni. Chakula anabakiza. Huo mpaka waligombana juzijuzi tu. Bukuru alimkondesha lini?"

Wiston alitaka kujibu, lakini midomo ya mdogo wake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Walimbeba hadi barabarani. Pikapu ya kwanza kusimama ilikuwa imebeba maharage, ikielekea Biharamulo. Adventina alimkalisha juu ya magunia, akamshikilia kifuani, na kila gari liliporuka shimo alisikiliza kama bado anahema.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakaupima mguu kwa ultrasaundi. Daktari Kalista aliwaeleza bila kupoteza muda.

"Damu imeganda ndani ya mshipa wa paja. Nadhani kipande kimekatika, kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Mguu huu usikandwe tena na mtu yeyote."

Walimchoma sindano ya tumboni ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Siku mbili Adventina hakuondoka pale kitandani. Pumzi iliporudi kidogo, daktari alivuta kiti, akaanza kuuliza. Uliumia? Ulilala kitandani muda mrefu? Ulifanyiwa upasuaji? Yote Anatory alikataa.

"Choo je?"

Anatory alimtazama mkewe, kisha akatazama ukuta. "Kina damu. Tangu Kwaresima. Niliona aibu kusema."

Adventina alifunika uso kwa kanga.

Kabla hajasema lolote, simu yake ikaita. Alikuwa jirani wa nyumbani, anaongea huku akikimbia. Wiston na vijana wa ukoo walikuwa wamefyeka migomba ya Bukuru. Nimpaye, mke wa Bukuru, alikuwa amekimbilia kwao Kirushya na watoto. Bukuru mwenyewe amejifungia ndani, na watu wamezunguka nyumba.

Anatory alisikia yote. Alijiinua kwa kiwiko. "Daktari, mtu anaweza kurogwa damu igande?"

"Damu huganda ukijikata, ili isimwagike," daktari alisema. "Lakini kama utumbo wako una saratani, na hilo ndilo ninaloliogopa, seli zake huingia kwenye damu zikaichokoza igande pasipo jeraha. Hutoa vitu vinavyoigandisha, na vile vichembe vya damu vinavyoziba vidonda huzing'ang'ania seli hizo. Mara nyingine mguu huvimba kabla mtu hajajua kwamba anaumwa saratani. Tutakupeleka Mwanza wapime, ndipo tutajua."

Anatory alinyoosha mkono apewe simu, akampigia Wiston.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Tulia, mdogo wangu. Leo huyu mtu atasema alichokifanya."

"Hana cha kusema. Natoka damu chooni tangu Kwaresima. Niliwaficha."

"Hayo umefundishwa huko hospitali."

"Kaka!" Alikohoa, akatafuta pumzi. "Ukimuua Bukuru, utakuwa umemuua kwa sababu ya aibu yangu. Waondoe hao watu."

Upande wa pili zilisikika kelele tu. Kisha Wiston akasema kwa sauti ya chini, si kwa Anatory, "Rudini nyumbani." Simu ikakatika. Anatory na mkewe walikaa mchana kutwa bila kujua kama wale watu wametii, mpaka jirani yule alipopiga tena: Bukuru ametoka nje, mzima.

Mwanza walithibitisha kuwa ni saratani ya utumbo mpana. Walimpasua, wakampa dawa za saratani za mishipani, na Adventina akajifunza kumchoma zile sindano za tumboni nyumbani. Madaktari hawajamwambia amepona. Wamemwambia aendelee kurudi kliniki, na anarudi.

Alipoweza kutembea, alikwenda kwa Bukuru pamoja na kaka yake. Wiston alikuwa amekwisha panda migomba mipya, lakini kuomba msamaha kulimshinda. Anatory ndiye aliyeomba.

Bukuru alisikiliza mpaka mwisho. "Unahema sana," alisema. "Kaa kwanza."

Nimpaye alirudi baada ya mavuno, wazee wa pande zote mbili walipokwenda kumwomba. Anamsalimia Anatory, na Adventina huchota naye maji. Lakini Wiston akipita, Nimpaye huwaita watoto wake waingie ndani.