Bakteria wa Bahari Katika Susa ya Shangazi

Nilirudi Garissa miaka ya tisini na diploma ya viumbe wa baharini, niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba magunia bandarini Mombasa. Mtaani kwetu hakukuwa na mwingine mwenye diploma kama hiyo. Kazi yake pia haikuwepo. Miezi mitatu nilizunguka maofisini, nyumbani sikaliki. Asubuhi moja nikamsindikiza eedo, shangazi yangu, sokoni alikouza susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka.

Kwenye foleni ya wateja mzee mmoja, mchuuzi wa mbuzi, akaniuliza nilisomea nini huko. Swali hilo nililingojea tangu nishuke basi.

"Bakteria!" nikasema kwa sauti, wauza ndizi nao wasikie. Nikaeleza kwamba Mto Tana unashusha majani, matope na samadi ya mifugo yetu mpaka baharini. Bakteria ndio wanaokula uozo huo kwanza. Vijidudu vinawala bakteria, vingine vinavila hivyo, hadi kamba na samaki wanashiba. "Msiwadharau. Hata susa ya eedo imejaa bakteria!"

Nilikuwa nasifu. Mama mmoja akatoa kikombe mdomoni. "Kumbe iko na jeermis, viini vya magonjwa?"

Foleni ikavunjika. Madumu mawili ya eedo yalikuwa bado yamejaa, na susa ikipigwa na jua la mchana huwa kali, hainunuliwi.

"Warya, wewe Diploma," eedo akasema, "umekuja kunifungia biashara?"

Nikazidi kueleza, wakazidi kuondoka. Akanisukumia kikombe. "Nyamaza. Kunywa."

Nikanywa. Akajaza tena. Nilipomaliza cha tatu, mchuuzi wa mbuzi akanikagua macho na tumbo kama mnyama wa mnada.

"Huyu habana kufa," akasema, kila p yake ikitoka b. "Dudu ya bahari nalisha samaki, dudu ya hapa nalisha mtu. Mama, nibe kikombe."

Watu wakacheka, wakarudi. Kabla ya adhuhuri madumu yalikuwa matupu. Maneno ya mzee yalikuwa yale yale yangu, ila yeye hana cheti.

Eedo alifunga mizigo bila kunitazama. "Kesho usije," akasema.

Sikwenda. Alfajiri nilikuwa nimeshapiga pasi shati, nazunguka uani nikingoja ofisi zifunguliwe.